Aliongea Kama Wewe, Fundi

Mmoja wenu alinikera juzi, na kwa sababu yake nyote mtanisikiliza.

Nilikuwa mkahawani hapa Garissa, nimeagiza chai ya maziwa ya ngamia, nangoja jua lipunguze ukali. Meza ya pili walikaa vijana wanne wa chuo. Walikuwa wanasimuliana habari za mama mmoja mwenye duka la nguo, aliyepigiwa simu na mtu akajidai fundi wa mtandao. Mtu huyo alimwambia simu yake imeingiliwa na virusi, akamwongoza hatua kwa hatua, na yule mama akamkabidhi kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Vijana walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

"Huyo mathe ni mshamba, manze," akasema aliyepaliwa. "Mimi siwezi chezwa hivo."

Nikamgeukia. "Abdi," nikamwambia, "si ni wewe uliyekuja kwangu mwezi uliopita, simu mkononi, unalia kwamba akaunti yako imechukuliwa? Si ni wewe uliyetumiwa namba ya tarakimu sita kwa ujumbe, akaja mtu akakuambia ni mhudumu, umsomee, ukamsomea?" Wenzake wakamtazama. Abdi akaanza kukoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha.

Nimechoka, wanangu. Nimechoka kusikia "mtu mzima anadanganywaje?" Nitawaambia anavyodanganywa, maana nina aibu yangu humo ndani, na nimeibeba vya kutosha.

Jina langu ni Mutinda. Nilizaliwa Kitui, kazi ikanileta Garissa nikiwa na mashati mawili na mkoba wa bisibisi, na nimezeekea hapa. Majirani zangu Wasomali waliacha kuniita mgeni zamani. Wananiita Fundi, na wakiwa wamenikosea wananiita adeer, yaani ami, ili nishindwe kuwakasirikia. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nimefanya kazi moja tu kwa sura mbalimbali, nayo ni kumsaidia mtu aliye mbali nisiyemwona, kwa sauti peke yake. Kwa hiyo huyo tapeli anayepiga simu akijiita fundi, mimi namjua. Amevaa ovaroli yangu.

Nianze na mtu aliyenifundisha, ambaye sikumsikiliza. Kabla ya minara ya simu kufika huku, miji yetu ilizungumza kwa redio za masafa marefu. Watu waliziita taar. Kulikuwa na kibanda Garissa, kingine Wajir, kingine Mandera, kila kimoja na antena yake ya waya na betri ya lori. Mimi nilikuwa natengeneza redio za kibanda cha mzee Yussuf, Adeer Yussuf kwa kila mtu, mwembamba, ndevu za hina, mwenye subira iliyonitia wazimu. Mtu akiita kutoka Mandera na kusema, "Mimi ni ndugu yake Abdullahi wa duka, mwambie atume lori la sukari," Adeer Yussuf hakuandika neno. Alianza kusalimia. Habari ya nyumba, habari ya mifugo, nani kahama, nani kaoa, malisho yako wapi. Kisha maswali. Wewe ni mtoto wa nani? Na huyo ni mtoto wa nani? Abdullahi alivunjika mguu akiwa mdogo, ni mguu upi? Mimi nimekaa pembeni natazama mshale wa mita ya betri ukishuka, nasaga meno.

"Adeer, betri inakufa," nilimwambia siku moja.

"Wacha ikufe," akasema. "Nitajaza ingine. Lakini lori ya Abdullahi ikienda kwa mtu si wake, hiyo wewe utajaza na nini?"

Siku nyingine alipata mtu aliyejibu kila kitu. Alitaja baba hadi babu wa saba bila kukwama. Adeer Yussuf akamsifu, akamuuliza kwa upole kama mvua kubwa ya juzi ilifika kwao salama. "Ndiyo, kubwa sana, alhamdulillahi," akajibu yule. Adeer akazima redio, akanywa chai yake. Juzi hapakunyesha popote kutoka hapa hadi mpakani. Aliuliza kuhusu kitu ambacho hakipo, na mwongo akakikubali, maana kazi ya mwongo ni kukubali.

Nilicheka, nikasahau. Nilikuwa kijana, na nilidhani kazi yangu ni mitambo.

Hila hiyo ya mvua niliikumbuka mwaka huu tu, tayari nimestaafu. Simu ikalia, sauti laini: "Mzee, tunakupigia kutoka kitengo cha usalama wa kompyuta. Kompyuta yako inatuma virusi kwenye mitambo yetu sasa hivi."

"Kompyuta ipi?"

"Hiyo iliyo mbele yako, mzee."

Mbele yangu alikuwepo mbuzi wa jirani, anatafuna kikapu changu. "Na ile nyingine ya jikoni je?" nikauliza.

"Hiyo ya jikoni ndiyo mbaya zaidi," akasema. Sina kompyuta jikoni. Nina sufuria tatu na jiko la mkaa. Nikamwambia asubiri niende kuizima, nikaweka simu juu ya kiti, nikaenda kumfukuza mbuzi. Niliporudi alikuwa bado anasubiri, maskini. Mnacheka, sawa, chekeni. Lakini msifanye hivyo nyinyi. Mimi ni mzee asiye na kazi, na hata mimi nilikosea, kwa sababu kila dakika unayokaa naye anajifunza jambo kuhusu wewe. Dawa yake ni kukata.

Sasa nije kwa Habiba.

Taar zilipokufa, simu zikaja, kompyuta zikafuata. Nikapata kazi katika ofisi ya mradi mmoja hapa mjini, uliokuwa ukisaidia vyama vya wakulima na wafugaji kutunza kumbukumbu zao. Vyama vilikuwa Dadaab, vilikuwa Hagadera, vilikuwa hadi Rhamu, kule Mandera, kwenye mto Daua. Fundi alikuwa mmoja tu, yaani mimi. Barabara mnaijua. Mvua ikinyesha, lori linakaa Wajir wiki nzima. Kwa hiyo kompyuta ya Rhamu niliitengeneza nikiwa Garissa, kwa simu. Niliwaambia watu: bonyeza hapa, funga hii, fungua ile, soma kilichoandikwa. Mtandao ulipoimarika nikawawekea programu ya kuniwezesha kuishika kompyuta yao kutoka mezani kwangu, na kishale kwenye skrini yao kikawa kinatembea chenyewe.

Nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu. Na nilikuwa na haraka, na nilikuwa mkali. Maneno yangu yalikuwa yale yale siku zote: "Usiniulize maswali, fanya ninavyokuambia." "Toka hapo penye kelele, nenda mahali uko peke yako." "Toa simu kwenye spika, sikusikii." "Usizime, ukizima utaharibu kila kitu." "Nitajie neno lako la siri, tutamaliza upesi." Yalikuwa yananiokoa muda. Niliandika maneno yao ya siri kwenye daftari la jalada jekundu, nikajiona mtu wa mpango.

Habiba alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa Rhamu. Huko mashamba yako kando ya mto, yanamwagiliwa kwa pampu, vitunguu, ndimu, ndizi, na Daua ukifurika unafagia mipaka yote. Ua wa miiba unakwenda na maji. Kinachobaki kumwambia mtu shamba lake linaanzia wapi ni rejista, hatua ngapi kutoka kwenye mfereji, anapakana na nani kulia, nani kushoto. Rejista hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya Habiba. Daftari la zamani la mkono lilikuwepo, lakini lilikuwa la kabla ya mirathi na mauzo ya miaka mingi, nusu ya waliotajwa humo wamekwisha kufa. Na haikuwa rahisi kwa wazee wale kukubali katibu mwanamke. Walimkubali kwa sababu hesabu zake za mipaka hazikuwahi kumpendelea mtu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake.

Asubuhi moja, wiki chache baada ya mafuriko, wakulima walikwenda ofisini kuomba vipimo vyao. Kompyuta ikawashwa. Badala ya rejista, maandishi kwenye skrini: faili zako zimefungwa, lipa ndipo zifunguliwe.

Habiba akanipigia. Akaniambia kwamba siku iliyopita alipigiwa simu na fundi, akamwambia kuna virusi, wakashughulikia pamoja karibu saa nzima. Mimi sikumwacha amalize. Nilimfokea, wanangu. Nilisimama pale ofisini mbele ya watu nikapiga kelele: "Habiba! Wewe mtu msomi! Mtu humjui anakupigia simu, unamfungulia? Ulikuwa unafikiria nini?"

Nilisikia wanaume wanabishana nyuma yake. Kisha akasema, polepole:

"Aliongea kama wewe, Fundi."

Nikaketi.

"Alisalimia, aliniita dada Habiba," akaendelea. "Aliniambia usiulize maswali, fanya. Aliniambia toa spika, enda peke yako, usizime. Kishale ilianza kutembea peke yake. Mara ya kwanza wewe ulitembeza hiyo kishale, mimi nilisoma Ayatul Kursi, nilidhani ni jini. Si ulicheka? Si uliniambia usiogope, hiyo ni fundi? Sasa jana sikuogopa. Wallahi, Fundi, mimi nilifanya vile ulinifundisha."

"Na flashi?" nikamuuliza. "Nakala tuliyoweka kwenye flashi?"

"Iko ndani ya kompyuta. Wewe ulisema iache hapo hapo isipotee."

Nilisema hivyo. Kwa hiyo flashi nayo ilifungwa pamoja na vyote. Sikilizeni hili vizuri, maana bado naona mkilifanya kila ofisi ninayoingia: nakala ambayo inalala ndani ya mashine ile ile si nakala. Ichomoe, uiweke kabatini.

Jambo moja lilibaki linanisumbua. Tapeli alijuaje jina la Habiba? Alijuaje kwamba kuna fundi, kwamba kuna kompyuta? Nilikaa nikitafuta, nikiwa tayari kumlaumu yeyote, hadi nikafungua kundi letu la mtandaoni lenye watu wa kila chama na marafiki zao na marafiki wa marafiki zao. Wiki mbili kabla ya hapo kulikuwa na tangazo: kompyuta za vyama vyote zitafanyiwa marekebisho, makatibu mtapigiwa simu na mafundi, tafadhali toeni ushirikiano. Chini yake orodha, jina la kila katibu, mahali alipo, namba yake ya simu. Mwandishi wa tangazo ni mimi. Nilikuwa nimeweka na alama ya mkono wa shukrani.

Kule Rhamu maneno yalikuwa yamekwisha kuchacha. Kaka yake Habiba alikuwa na shamba kwenye kona nzuri karibu na pampu, na watu wakaanza kusema: hakuna fundi, hakuna virusi, huyu mwanamke ameiuza rejista ili kaka yake asogeze mpaka. Jirani yake alinieleza kwamba hata salamu sokoni zilikuwa zinapungua. Mkutano wa kumwondoa ulikwisha kupangwa.

Mkubwa wangu akaniambia niandike barua. Nikamwambia barua haitoshi, nikapanda gari la mizigo.

Niliwasili siku ya mkutano wenyewe, vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wamekutana katika nyumba ya pampu, wanaume arobaini hivi kwenye mikeka. Habiba amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama aliyekwisha kufukuzwa. Alinitazama, kisha akapitisha macho. Hakunijua. Miaka yote ile nimekuwa nikiongea naye karibu kila wiki, najua jina la kila mtoto wake, na hakuwa ameiona sura yangu hata mara moja, kwa kuwa sikuwahi kufika Rhamu. Picha yangu kwenye simu ilikuwa ya baiskeli.

"Asalaam aleikum," nikasema, na hapo akageuka ghafla. Sauti aliijua.

Mwenyekiti aliitwa Haji Adan, mzee mkavu mwenye fimbo, Kiswahili chake cha sokoni lakini kinatosha. "Wewe nani?" akaniuliza.

"Mimi ni Fundi Mutinda, wa Garissa."

"Nani anajua wewe hapa?"

Habiba alifungua mdomo, mtu mmoja akamnyamazisha kwa mkono.

"Hii mwanamke anasema fundi alipiga simu," Haji Adan akasema. "Leo mtu anatoka barabarani, anasema mimi ni fundi. Sisi tutajua aje? Labda wewe ni ndugu ya ile mwizi."

Watu wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa nimelala siku mbili juu ya magunia, nimeudhika na barabara, na mkubwa wangu, na tapeli, na zaidi ya wote na Mutinda. Nikatoa daftari langu jekundu.

"Haji, umeuliza swali zuri," nikamwambia. "Hamwezi kujua. Lakini hilo swali limechelewa. Miaka yote hii nimekuwa nikiwapigia simu. Siku simu ya chama ilipojifunga, si nilikupigia wewe? Si nilikuambia unitajie neno la siri? Uliniuliza ni nani ananijua?"

Nikampelekea daftari, kidole changu kwenye mstari wake. Alilishika mbali na macho, akasoma. Neno lake la siri lilikuwa jina la ngamia wake wa kwanza. Nikafungua ukurasa mwingine, nikamwonyesha mweka hazina wake. Nikafungua wa mlinzi wa pampu. Sikuyasoma kwa sauti. Kila mtu aliona lake, akarudi kukaa.

Kisha nikawaeleza yote, tangazo, orodha, flashi, na vile nilivyomfundisha Habiba kutii sauti. Nilitaka nieleze kwa utulivu. Sikuweza. Niliwaambia mtu wa kuondolewa kazini anajulikana, na ndiye anayesema nao, na huyu dada alifanya kazi yake kama alivyoelekezwa na mtu aliyemwamini.

Haji Adan alikuwa bado ameshika daftari. Alilifunga.

"Mimi pia nilimpa," akasema, kwa Kiswahili kwanza, ndipo akarudia kwa Kisomali kwa waliokaa nyuma. "Sisi wote tulimpa. Yeye tu ndiye alipigiwa."

Hapakuwa na makofi wala kumbatio. Mtu mmoja aliinuka akampelekea Habiba chai, ya kwanza tangu mkutano uanze. Akaipokea kwa mikono miwili. Daftari jekundu tulilitia kwenye jiko lile lile la chai, na lilichukua muda mrefu kuungua kwa sababu ya jalada.

Faili hazikufunguliwa tena. Msidanganyike na anayesema atawafungulia kwa malipo. Rejista tuliijenga upya shambani, kwa miguu. Na nani alisema tuanzie wapi? Habiba. "Tuanze na ya kaka yangu," akasema, mbele ya wote. Jirani wa kulia akaitwa, wa kushoto akaitwa, kila mmoja akaeleza mpaka na aliyemrithisha na aliyemuuzia, na mashahidi wakasimama. Shamba la kaka likatoka fupi kwa hatua mbili kuliko alivyodhani mwenyewe, akanung'unika hadi alasiri. Hapo ndipo maneno ya sokoni yalipoisha. Siku zile tisa za kutembea juani, nikisikiliza fulani mwana wa fulani anapakana na fulani, nilimkumbuka Adeer Yussuf na mshale wa betri yake, na nikaona haya.

Sasa mnaelewa kwa nini Abdi alinikera? Watu hawadanganywi kwa sababu ni washamba. Wanadanganywa kwa kuwa mahali fulani mtu halali aliwazoesha vibaya. Karani aliyewaambia watume picha ya kitambulisho. Mhudumu aliyedai neno la siri kwa sababu ana haraka. Fundi mkali. Na wengi wenu mnaosoma kompyuta chuoni mtakuwa mafundi hao kesho, ndiyo maana nawasumbua.

Kwa hiyo mkiwa mafundi, msimwombe mtu neno la siri hata kama mtachelewa chakula. Mwacheni aulize. Mwambieni akate simu, apige mwenyewe namba ya ofisi anayoijua tangu zamani, si ile iliyotokea kwenye skrini. Na mkiwa mnapigiwa nyinyi, jiulizeni kwanza: nani alianza? Kompyuta yako ilikuwa inafanya kazi, hukumlilia mtu, na mtu anakuja na ugonjwa na dawa kwa pamoja. Mtu huyo ni wa kukatiwa simu. Watu wa huku tuna desturi nzuri ya kuongea na simu kwenye spika, nyumba nzima inasikiliza, bibi anachangia, jirani anasalimia. Mmeanza kuiona ya kishamba. Mimi nawaambia irudisheni, maana tapeli anaiogopa kuliko polisi. Kazi yake ya kwanza ni kukutoa penye watu.

Na kama tayari umemfungulia, chomoa mtandao, zima mashine, badilisha maneno ya siri ukitumia simu nyingine, pigia benki yako, halafu sema. Sema siku hiyo hiyo, kwa sauti. Habiba alisema asubuhi ile ile, mbele ya watu waliomgeuka, na kwa sababu alisema, niliwapigia makatibu wengine kabla ya adhuhuri. Yule wa Hagadera alikuwa tayari na mtu kwenye simu, anamwambia atoe spika.

Habiba bado ni katibu. Kila mwisho wa msimu anaisoma rejista kwa sauti pale kwenye nyumba ya pampu, jirani na jirani wanaitikia, na nakala mbili zinafungiwa kwenye masanduku ya watu wawili wasiopatana.

Wiki iliyopita nilipata laini mpya, nikampigia. Nilitaka anitumie gunia la vitunguu vya Rhamu, vya hapa havina ladha. Akapokea, na papo hapo nikasikia mwangwi. Ameniweka kwenye spika. Nyuma yake pampu, watu, mtoto analia.

"Dada Habiba, ni mimi Fundi Mutinda. Nimebadilisha namba."

"Haye. Habari ya mke wako? Habari ya Garissa? Mvua iko?" Nikajibu, nikijua ninapelekwa wapi. Kisha akauliza, "Ile siku ulikuja Rhamu, kwa mkutano, wewe ulikaa juu ya nini?"

Nilikaa juu ya nini? Wanangu, mimi ni mzee. Nilikumbuka daftari, moto, vumbi, fimbo ya Haji. "Mkeka," nikasema.

"Ulikaa juu ya kopo ya rangi," akasema, "na ilipasuka, na watu wote walicheka." Ni kweli, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Habiba, ni mimi! Sikia, nina haraka, usiniulize maswali mengi..."

Nilijisikia nikiyasema maneno yangu ya zamani. Kule Rhamu, nyuma ya pampu, watu walipiga kelele kwa pamoja: "Kata! Kata!"

Akakata. Nimepiga mara nne tangu siku hiyo, hapokei. Nimekaa hapa nimeudhika, sina vitunguu, na sitaki mtu yeyote anisaidie kumshawishi.